Shule ya Hotelini: Kinanda cha Hailu Mergia na Wapiga Vinanda wa Pwani ya Kusini

Mhadhara uliotolewa Ukunda, Kaunti ya Kwale

Nawashukuru waandalizi kwa kunialika niseme juu ya muziki mbele ya watu ambao wengi wao wameupiga kwa miaka mingi kuliko nilivyousikiliza mimi. Nitakapoeleza jambo ambalo mnalijua kwa vidole, mniwie radhi. Humu mna vijana ambao hawajapata kuiona bendi ya hotelini ikipanda jukwaani jua likizama, na hao nao wana haki ya kuelezwa.

Nimekuja kumsifu mzee mmoja wa Ethiopia, Hailu Mergia, mpiga kinanda wa fanki na wa nyimbo za majonzi, aliyezaliwa mwaka 1946. Na katika kumsifu yeye nataka kulitetea jambo linalotuhusu hapa: kwamba muziki uliopigwa hotelini ni muziki kamili wenye ufundi wake, na kwamba wazee wetu waliousomea kwenye majukwaa ya Diani wanastahili kusikilizwa kwa makini kama tunavyomsikiliza yeyote anayeletwa kwetu kwa santuri na sifa. Tumezoea kusema “huyo ni wa hotelini,” na tukisema hivyo tunamaanisha kwamba hana lake, kwamba alipiga alichotakiwa na mgeni basi. Nadhani tumekosea sana.

Labda mtaniuliza, mbona nimevuka mpaka hadi Addis Ababa ilhali wapiga vinanda tunao? Ni kwa sababu kazi ya Hailu ilirekodiwa, ikahifadhiwa, na leo usiku kila mmoja wenu anaweza kuisikiliza kwenye simu yake. Kazi za wengi wa hapa haziwezi kusikilizwa hivyo. Nitarudi kwenye jambo hili, maana ndilo lililonileta.

Hoja yangu ya kwanza: hoteli ilikuwa shule.

Hailu alianza na akodioni akiwa mvulana, akapitia muziki wa jeshi, kisha akaingia katika kumbi za usiku za Addis Ababa kama kijana mwingine yeyote anayetafuta riziki. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 yeye na wenzake waliunda bendi waliyoiita Walias, jina la walia, mbuzi mwitu wa milima ya Simien. Bendi hiyo ikapata kazi ya kudumu katika hoteli ya Hilton mjini humo, ikakaa pale kwa miaka mingi.

Tafakarini ilikuwa miaka gani. Mwezi Septemba 1974 Mfalme Haile Selassie aliondolewa madarakani na wanajeshi, utawala wa Derg ukaanza, na pamoja nao ikaja amri ya kutotoka nje usiku. Kumbi nyingi zilififia. Lakini walioingia katika ukumbi wenye bendi kabla ya saa ya amri hawakuweza kutoka tena mpaka alfajiri, basi bendi ikalazimika kupiga usiku kucha. Wapiga vinanda mlio hapa mnajua maana yake. Ukipiga saa nane mfululizo huwezi kuonyesha umahiri wako wote katika saa ya kwanza. Unajifunza kuweka akiba. Unajifunza kuurudia wimbo ule ule saa kumi za usiku na kuubadilisha kidogo tu, ili anayelala asiamke na anayecheza asichoke.

Kisha kuna hadhira. Hotelini walikaa mabalozi, wafanyabiashara, watalii, na wenyeji wenye uwezo. Wakati wa chakula wanataka muziki unaowaacha wazungumze. Meza zikiondolewa wanataka kucheza. Huyu anataka jazi, yule anataka wimbo wa kwao, wa tatu anataka ule uliovuma juzi redioni. Mpiga kinanda ndiye anayebeba mzigo huo, kwa kuwa ala yake inaweza kuwa besi, inaweza kuwa tarumbeta, na mwimbaji akikohoa inaweza kuimba badala yake. Muziki wa Kimarekani ulikuwa umekwisha kuingia Ethiopia zamani, hasa kupitia kituo cha jeshi la Marekani cha Kagnew kule Asmara na redio yake. Vijana wa Walias waliusikiliza, wakauchukua, lakini mizani waliyoupimia ilikuwa ya kwao.

Sasa leteni habari hiyo huku kusini mwa Likoni. Hoteli zilipoongezeka ufuoni Diani, zilihitaji bendi, na bendi zilihitaji watu wanaoweza kupiga waltz kwa wazee wa Kijerumani, rumba kwa wafanyakazi waliobaki baada ya zamu, chakacha kwa bibi harusi, na nyimbo za Krismasi kila Desemba. Bendi ya Them Mushrooms ya ndugu wa ukoo wa Harrison, iliyoanza Mombasa mwaka 1972, ilikulia katika kazi ya namna hiyo. Wimbo wao “Jambo Bwana” wa mwaka 1982, uliotungwa na Teddy Kalanda, ulitokana na maamkizi ya kila siku baina ya wenyeji na watalii, ukaizunguka dunia. Wengi wanaujua wimbo huo na kuuchoka. Ni wachache wanaotega sikio kumsikiliza John Katana kwenye kinanda katika rekodi za bendi hiyo, na hapo ndipo ningependa sikio lenu liende mkifika nyumbani. Nao Mombasa Roots, katika miaka ya 1980, waliichukua chakacha ya arusini wakaivika gitaa na kinanda cha umeme, ikachezwa disko. Hiyo ni kazi ya watu waliosoma hadhira mbili kwa wakati mmoja.

Kabla sijaendelea, neno moja kuhusu ala yenyewe. Pwani hii piano ya mbao haikustawi, na sababu yake si uvivu wa watu. Hewa ya chumvi hula nyaya, unyevu huvimbisha mbao, na piano iliyosawazishwa Januari haikubali tena baada ya mvua za masika. Ndiyo maana vinanda vya umeme vilipokuja vilipokelewa kwa mikono miwili. Mpiga kinanda wa Diani alijifunza kutafuta uzito wa piano katika ala nyepesi ya plastiki, na hilo lilimtaka mkono wenye nguvu na subira.

Hoja ya pili inahusu mapengo.

Wimbo mliousikia mlipokuwa mkiingia ukumbini ni “Musicawi Silt,” kutoka santuri ya Walias iitwayo “Tche Belew,” ya mwaka 1977. Hauna mwimbaji. Kuna kibwagizo kifupi kinachojirudia, besi inayotembea chini yake, na kinanda cha Hailu. Mulatu Astatke, baba wa jazi ya Ethiopia, naye amo katika santuri hiyo. Sikilizeni tena mkipata nafasi, na mara hii msifuate noti anazopiga Hailu. Fuateni pale anaponyamaza.

Fanki, kama ilivyoanzishwa na James Brown na wapigaji wake kuanzia katikati ya miaka ya 1960, ni muziki wa kugawana nafasi. Kila ala hupewa kipande kidogo, huambiwa ikishike hapo hapo, na isiingie katika kipande cha mwenzake. Pigo la kwanza la kila mzunguko hutiliwa mkazo, na mengine yote hupangwa kulizunguka. Mpiga kinanda asiyejua hili hujaza kila mahali, na muziki wote ukazama. Anayejua hugonga mara mbili, huondoa mkono, na hewa iliyobaki ndiyo inayomwinua mchezaji kitini.

Ninyi watu wa Kwale hamkuhitaji kufundishwa haya na Marekani. Nendeni kwenye sengenya ya Wadigo. Upatsu hushika pigo lake na kulirudia bila kuyumba. Chapuo inajibu. Bumbumbu na vumi zinakaa chini. Nzumari inapita juu ikizunguka itakavyo. Hakuna ngoma hata moja inayopiga yote, na ukiitoa moja, nyingine zinasikika kama zimepotea. Mtoto aliyelala akisikiliza sengenya ikitoka upande wa pili wa kijiji amekwisha kupata somo la kwanza la fanki. Mzee mmoja aliyekuwa mpiga kinanda hotelini aliniambia kwamba mkono wake wa kushoto ni wa ngomani na wa kulia ni wa redioni. Sijapata maelezo bora kuliko hayo.

Kuna na jambo la hesabu. Midundo mingi ya Ethiopia, hasa ule uitwao chikchika, huenda kwa mapigo sita yanayoweza kusikika kama mawili marefu au kama matatu. Chakacha yetu nayo ina mapigo sita yenye hali hiyo hiyo ya kutetereka: kiuno kinafuata hesabu moja, makofi yanafuata nyingine. Sidai kwamba huu umezaliwa na ule. Ninachosema ni kwamba Mswahili akimsikiliza Hailu huwa hajisikii mgeni, na Mjerumani aliyekaa meza ya mbele huenda akahitaji dakika kumi kabla mguu wake haujajua pa kukanyaga. Akina mama mliocheka hapo nyuma, najua mmenielewa kabla sijamaliza.

Hoja ya tatu ndiyo iliyo ngumu kuieleza kwa maneno, na naomba subira yenu.

Muziki wa Ethiopia ya nyanda za juu hutumia ngazi za sauti tano, na zenye majina makubwa ni nne: tizita, bati, ambassel na anchihoye. Tizita ni ngazi na pia ni wimbo, ni kumbukumbu ya kilichopita na ya aliyeondoka. Watu wengi wameilinganisha na bluzi ya Wamarekani weusi. Nami nakubali, kwa sababu moja ya kiufundi zaidi kuliko kwa sababu za huzuni. Katika bluzi mwimbaji hutafuta sauti iliyo baina ya noti mbili. Mwenye gitaa anaweza kuivuta waya akaifikia. Mpiga piano hawezi, kwa kuwa vibonye vyake vimekwisha kukatwa, hiki ni hiki na kile ni kile. Basi wapiga piano wa kusini mwa Marekani walibuni njia: kugonga vibonye viwili jirani kwa pamoja, au kuteleza kutoka kimoja hadi kingine haraka kiasi kwamba sikio lako lenyewe ndilo linaloizalisha ile sauti ya katikati.

Tatizo hilo hilo liliwafika wapigaji wa taarabu wa pwani. Udi hauna vikato kwenye shingo yake, kwa hiyo mpigaji kama Zein l’Abdin aliweza kuzifikia sauti za Kiarabu zisizomo katika kinanda cha Kizungu. Wakati kinanda cha umeme kilipoingia katika taarabu ya Mombasa, na Matano Juma wa Morning Star alikuwa miongoni mwa waliokipa umaarufu, mpigaji alilazimika kuamua: aache zile sauti, au azizunguke. Aliyezizunguka kwa mapambo madogo madogo, kwa noti zinazotetemeka kabla ya kutua, alifanya kazi ile ile ya mpiga bluzi bila hata mmoja wao kumjua mwenzake.

Hailu anazizunguka pia. Katika rekodi zake za tizita pamoja na Walias, za katikati ya miaka ya 1970, kinanda kinaimba sehemu ya mwimbaji, na kila mwisho wa mstari anatetemesha noti jinsi waimbaji wa kwao wanavyotetemesha koo. Ukiisikia mara ya kwanza utadhani ni pambo. Ukiisikia mara ya tano unatambua kwamba mtu huyu amekaa miaka na miaka akijiuliza ni vipi atakifanya kitu cha umeme kilie. Mimi nikisikiliza hapo huwa naacha kazi niliyonayo mkononi.

Hoja ya nne ni ya uzee, na inahusu maisha kama inavyohusu muziki.

Mwaka 1981 Walias walikwenda Marekani kupiga. Ziara ilipokwisha baadhi walirudi na baadhi wakabaki, Hailu akiwa mmoja wa waliobaki, katika eneo la jiji la Washington. Mwaka 1985 aliingia studio peke yake na akodioni ya utotoni, kinanda cha Rhodes, sinthesaiza ya Moog na mashine ya ngoma, akapiga kila kitu mwenyewe. Kanda ile iliuzwa Ethiopia. Kisha kazi za jukwaani zikapungua na kwisha, na Hailu akawa dereva wa teksi. Kwa miaka alisubiri abiria katika uwanja wa ndege wa Dulles, na katika buti ya gari aliweka kinanda kidogo. Foleni ikiwa ndefu alikitoa, akakaa kiti cha nyuma, akafanya mazoezi.

Aliyeifufua kazi yake ni Brian Shimkovitz, mkusanyaji wa kanda za Afrika, aliyeiokota ile kanda ya 1985 katika mji wa Bahir Dar. Alimtafuta mzee, wakakubaliana, na mwaka 2013 ikatolewa upya. Hailu akarudi jukwaani. Mwaka 2018 alitoa albamu mpya, “Lala Belu,” akiwa amepita miaka 70, na mwaka 2020 nyingine, “Yene Mircha.” Si yeye pekee. Dr. John wa New Orleans, bwana mkubwa wa piano ya fanki na bluzi aliyefariki mwaka 2019, naye alitoa mojawapo ya albamu zake bora, “Locked Down,” mwaka 2012, akiwa na miaka 70, na ndani yake mna harufu ya muziki wa Ethiopia.

Uzee huwafanyia nini wapigaji hawa? Mkono unakuwa mzito kidogo, na kasi ya ujana inapungua. Lakini katika “Lala Belu” kila noti ina sababu ya kuwapo. Kuna kipande cha mwisho ambapo anapiga piano peke yake, polepole, na hakuna kijana wa miaka 25 anayeweza kukipiga hivyo, hata awe na vidole vya umeme. Uamuzi wa nini kiachwe hauji kwa mazoezi pekee. Unataka miaka.

Sasa nauliza swali ambalo huenda likawauma baadhi yetu. Mwezi Agosti 1997 ghasia zilipozuka Likoni, watalii waliikimbia pwani ya kusini, hoteli zikafunga milango, na bendi nyingi zikavunjika. Hoteli zilipofunguka tena, nyingi ziligundua kwamba kijana mmoja mwenye tarakilishi na spika mbili ni nafuu kuliko watu saba wanaotaka kula na kulipwa. Ugonjwa wa korona mwaka 2020 ukaja kumalizia. Wale wapiga vinanda walikwenda wapi? Wengine wanaendesha tuktuk hapa hapa Ukunda. Wengine wanavua, wanalima, wanafundisha madrasa. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Mpiga kinanda wa Diani alicheza kwao na waliomtunza walikuwa wageni, kisha wageni wakaondoka.

Tofauti baina ya mzee huyo na Hailu Mergia si kipaji. Nimewasikia baadhi yao wakipiga arusini na naweza kulitetea neno hili mbele ya mtu yeyote. Tofauti ni kanda moja iliyobaki sokoni Bahir Dar, na mtu mmoja aliyeiuliza bei.

Basi nizungumzie ya mbele yetu. Bendi za hotelini zilikuwa na desturi ya kuuza kanda zao kwa wageni usiku wa mwisho. Kanda hizo nyingi zimekwenda Ulaya, lakini nakala zilibaki: katika masanduku ya wake wa wanamuziki, katika maduka ya zamani ya Msambweni, katika magari yasiyotembea tena. Ukanda wa sumaku hauvumilii hewa yetu. Unashika ukungu, unagandana, na ukichezwa kwa pupa unakatika. Tukingoja miaka kumi zaidi hatutakuwa na la kuhamishia kwenye kompyuta. Kwa hiyo naomba mtu yeyote mwenye kanda asijaribu kuicheza kwanza. Aiweke pakavu, aandike jina la bendi, mwaka ikiwezekana, na nani alipiga nini, kwa kuwa ni vigumu kwa mpigaji asiyejulikana kuidai haki yake.

Walimu wa muziki, nina ombi kwenu pia. Mnapoandaa wanafunzi kwa tamasha za muziki za shule mnawafundisha sengenya, na vyema. Mwakani mleteni mpiga kinanda mmoja mzee darasani, akae kati ya chapuo na upatsu, apige mkono wa kushoto tu, na wanafunzi wamjibu. Mlipeni. Na mrekodi kwa simu, hata kama sauti si safi.

Kwa wenye hoteli, ambao nimeambiwa wawili wako humu: usiku mmoja kwa mwezi, bendi ya wazee, isiyotakiwa kupiga “Jambo Bwana” mpaka yenyewe itake. Pangeni kiingilio ambacho mkazi wa Ukunda anaweza kukilipa, maana hadhira iliyowakosa wapigaji hawa miaka yote ni ya hapa hapa.

Mwenyekiti ameniashiria kwamba muda umekwisha. Pale mlangoni kuna daftari. Anayejua kanda iko wapi, au mpigaji yuko wapi, aandike kabla hajatoka. Jumamosi ijayo asubuhi tutaanza na walioandika kutoka Gazi na Msambweni, kisha tutarudi upande wa Kinondo.